Kubadilisha ruta bila kuhangaika na manenosiri ya Wi-Fi

Kuchomeka ruta mpya ni kazi ya dakika tano. Kinachokula siku nzima ni simu, televisheni, printa na kamera ambazo bado zinautafuta mtandao wa zamani. Kifaa kikihifadhi mtandao, hukumbuka vitu vitatu kwa pamoja: jina, nenosiri na aina ya ulinzi. Vyote vitatu vikilingana kwenye ruta mpya, vifaa vinajiunga vyenyewe na hakuna wa kukuuliza kitu. Anza na njia hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Basi kabla hujaizima ruta ya zamani, toa nenosiri lake kwenye kifaa ambacho bado kimeunganishwa.

Kwenye Android 10 na kuendelea, ingia Mipangilio, fungua sehemu ya intaneti au Wi-Fi, gusa mtandao unaoutumia, kisha Shiriki. Simu itadai alama ya kidole au PIN, halafu italeta msimbo wa QR. Kwenye simu nyingi nenosiri limeandikwa chini yake. Kama halipo, usome msimbo huo kwa simu nyingine yenye programu inayoonyesha maandishi yaliyomo. Utapata mstari wa namna hii:

WIFI:S:Nyumbani;T:WPA;P:mahindi\;2kg;;

S ni jina, T ni aina ya ulinzi, P ni nenosiri. Uangalie vizuri ule mkwaju uliolalia nyuma, kabla ya nuktamkato. Huo si sehemu ya nenosiri. Msimbo huuweka mbele ya alama kama nuktamkato au nuktapacha ili zisichanganywe na alama zake wenyewe. Nenosiri halisi hapa ni mahindi;2kg. Watu wengi hunakili na mkwaju wake, kisha wanalaumu ruta.

Kwenye iPhone yenye iOS 16 (2022) au zaidi, ingia Settings, Wi-Fi, gusa Edit juu kulia, chagua mtandao, kisha mstari wa Password. Orodha hiyo inaonyesha hata mitandao iliyo mbali nawe.

Kwenye Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, uandike:

netsh wlan show profiles
netsh wlan show profile name="Nyumbani" key=clear

Amri ya kwanza inaorodhesha mitandao yote iliyohifadhiwa. Ya pili inatoa maelezo ya mmoja. Nenosiri liko kwenye mstari wa Key Content.

Sasa ingia kwenye ukurasa wa ruta mpya (anwani na nenosiri la kuingilia kwa kawaida vipo kwenye kibandiko chini yake) na uandike jina na nenosiri herufi kwa herufi. Nyumbani na nyumbani ni mitandao miwili tofauti, na hata nafasi moja iliyobaki mwishoni inaharibu. Ulinzi weka WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukiweka WPA3 peke yake, printa na kamera za zamani hazitaingia. Masafa ya 2.4 GHz yaache yakiwa yamewashwa, kwa sababu kamera na balbu nyingi za Wi-Fi haziyaoni ya 5 GHz.

Kama nenosiri la zamani limeshasambaa mtaani, libadilishe, lakini badilisha na jina. Jina lilelile lenye nenosiri jipya ndilo linalosumbua kuliko yote: kifaa kinapeleka nenosiri la zamani, kinakataliwa, kinajaribu tena, na vingine havikuulizi jipya kamwe. Jina likiwa geni, kifaa kinauona kama mtandao mpya na kinakuuliza. Kama jina umeshaliacha vilevile, gusa mtandao huo, chagua Sahau, kisha ujiunge upya. Kwenye Windows amri ni netsh wlan delete profile name="Nyumbani".

Usikimbilie kuweka upya mipangilio yote ya mtandao. Inafuta kila Wi-Fi uliyowahi kuihifadhi, na mara nyingi hata vifaa vya Bluetooth, ilhali tatizo lilikuwa mtandao mmoja. Kwenye iPhone inayotumia iCloud Keychain (hifadhi ya manenosiri ya Apple), hata kusahau mtandao mmoja kunauondoa pia kwenye iPad na Mac za akaunti hiyo, kwa hiyo nakili nenosiri kwanza.

Wanaotumia Wi-Fi ya vocha wachukue tahadhari zaidi. Mifumo mingi ya vocha hukutambua kwa anwani ya MAC ya simu, yaani namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao. iPhone hutumia anwani ya faragha, si ile yake halisi, kwa kila mtandao, na ukiusahau mtandao inaweza kurudi na anwani nyingine; salio la saa ulizolipia linabaki kwa anwani ya zamani. Maliza muda wako kwanza.

Mitandao isiyo na nenosiri, ya hotelini au stendi, isahau ukishaondoka, au zima kujiunga kiotomatiki. Simu huitambua kwa jina tu, na yeyote anaweza kurusha mtandao wenye jina hilohilo.

Ruta ya zamani usimpe mtu kabla hujaifuta. Ikiwa imewashwa, bonyeza kitundu cha Reset kwa pini kwa sekunde 10 hivi, mpaka taa zizime na kuwaka upya. Ndani yake bado kuna nenosiri lilelile ulilolihamishia kwenye ruta mpya.