Mkufunzi wa chuo: jiendeleze kwa kozi moja na tatizo moja

Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi, na idarani mimi ndiye "fundi wa Moodle", yaani mfumo wa kufundishia mtandaoni, cheo kisicho na posho. Kila muhula wenzangu huniuliza, "Kuna semina gani mwaka huu?" Semina kuisubiri ni kama kusubiri daladala jioni: ikija, imeshajaa. Mimi nimejiwekea utaratibu huu.

Hatua ya 1: Andika tatizo

Usiandike "nataka kujua teknolojia ya kufundishia". Andika kinachokusumbua darasani. Langu lilikuwa hili: wanachuo wa mwaka wa kwanza wanachanganya volti na ampia, nami nakuja kugundua siku ya mtihani. Sentensi moja tu kwenye daftari. Kozi isiyogusa sentensi hiyo iache ipite, hata cheti chake kiwe na muhuri wa dhahabu.

Hatua ya 2: Chagua kozi moja

Nianze na za bure. OpenLearn, ya Open University ya Uingereza, ipo tangu 2006. Unasoma kwa muda wako na kozi nyingi zinakupa hati ya ushiriki. Moodle Academy ni ya vitendo zaidi, hasa kama chuo chenu tayari kinatumia Moodle. Halafu kuna TELMOOC, iliyoandaliwa na Commonwealth of Learning pamoja na Athabasca University ya Kanada: wiki 5, nayo hufunguliwa kwa awamu. Kwa mtu mwenye tabia ya kuahirisha kama mimi, kozi yenye tarehe ni afadhali. Kwenye majukwaa ya kibiashara soma masharti kwanza, maana unaweza kusoma bure kisha ukadaiwa hela ya cheti.

Moja tu. Anayejisajili kozi nne hamalizi hata moja. Nimeshakuwa mtu huyo.

Hatua ya 3: Panga bando na saa

Pakua masomo ukiwa kwenye mtandao wa chuo. Programu ya simu ya Moodle inakuruhusu kusoma ulichopakua bila intaneti. Saa mbili kwa wiki zinatosha.

Hatua ya 4: Tengeneza kitu chako kabla kozi haijaisha

Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani, na ndipo faida ilipo. Usingoje wiki ya mwisho. Mimi nilianza na maswali mafupi yenye mrejesho, nikayaandika nyumbani bila intaneti kwa mtindo uitwao GIFT, ambao Moodle inausoma na kuugeuza kuwa maswali. Ni maandishi ya kawaida, hata Notepad inatosha:

::Umeme 1:: Mkondo wa umeme hupimwa kwa kizio gani? {
=Ampia #Sahihi.
~Volti #Volti hupima tofauti ya potenshali kati ya nukta mbili. Rudia mchoro wa pili.
~Wati #Wati hupima kasi ya kutumia nishati, yaani volti mara ampia.
}

Alama ya = ni jibu sahihi, ~ ni jibu la kupoteza, na baada ya # unaandika maneno atakayoyaona mwanachuo akichagua jibu hilo. Acha mstari mmoja mtupu kati ya swali na swali, wala usiache mstari mtupu katikati ya swali. Hifadhi faili kwa UTF-8 (unaichagua kwenye "Encoding" unapohifadhi), kisha liingize kwenye benki ya maswali ya Moodle.

Sheria ya Ohm ilinitesa jioni nzima: V = IR ndani ya jibu inasomwa kama jibu jingine. Tanguliza alama hii, \, uandike V \= IR.

Tumia muda wako mwingi kwenye mrejesho. Swali lisilo na mrejesho ni mtihani mdogo tu; lenye mrejesho linafundisha wewe ukiwa umelala.

Hatua ya 5: Jaribia pembeni

Moodle wana tovuti ya majaribio iliyo wazi kwa kila mtu. Angalia saa: hujisafisha yenyewe kila baada ya saa moja. Weka nakala ya kazi yako kwenye kompyuta yako.

Hatua ya 6: Peleka darasani, usome ripoti

Wape wanachuo jaribio la maswali matano kabla ya kipindi, si baada yake. Fungua takwimu za jaribio uone swali gani limewaangusha wengi. Mimi nilidhani adui ni ampia; kumbe wengi walikwama kwenye neno "sambamba". Kipindi kilichofuata nilianza na mchoro, nikaacha maelezo yangu ya miaka yote.

Hatua ya 7: Tunza ushahidi

Folda moja: cheti, faili la maswali, ripoti ya kabla na ya baada, na aya moja ya ulichobadilisha. Ukitaka kujipima, tumia mfumo wa UNESCO wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu, toleo la 2018: umahiri 18 katika ngazi 3, kuanzia kupata maarifa hadi kuyaunda. Folda hiyo ndiyo itakayokusaidia ukifika wakati wa kujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, pale wenzako wanapokuna vichwa.

Hatua ya 8: Tafuta mwenzako mmoja

Shuleni, kupitia MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), walimu wana jumuiya za ujifunzaji. Vyuoni tunaweza kuiga bila kusubiri barua. Mwalimu wa useremala alinijia na maswali yake kwenye karatasi. Tukayachapa pamoja, kumi na mawili kwa mkao mmoja. Wiki iliyofuata alikuja na faili, akaniuliza kwa nini alama yake ya # haifanyi kazi. Alikuwa ameiweka kabla ya jibu.