Kulegeza masharti ya kuzuia mlipuko wa ugonjwa baada ya chanjo: pima kwanza kwenye Excel

Kila mstari uwe siku moja. Safu A ni siku, B wasio na kinga, C wanaoambukiza, D waliopona, E waliokingwa kwa chanjo, F kiwango cha watu kukutana. B hadi E zikijumlishwa lazima zitoe 5,383,728 kila siku, idadi ya Dar es Salaam kwa sensa ya 2022. Ikizidi hata mtu mmoja, kuna fomula iliyokosewa. Itafute kabla ya kuendelea.

Tuseme mgonjwa mmoja huambukiza watu 3 pasipo kinga wala masharti, na huambukiza kwa siku 5. 3 ÷ 5 ni 0.6, yaani maambukizi ya mgonjwa mmoja kwa siku. Basi C3 iandikwe:

=C2+0.6*F2*B2*C2/5383728-C2/5

F ndiyo usukani. 1 ni Kariakoo iliyofurika na daladala yenye watu wananing'inia mlangoni. 0.4 ni shule kufungwa na abiria levo siti.

Kwenye chanjo ndiko wengi huteleza. Dozi 20,000 kwa siku si watu 20,000 waliokingwa. Chanjo ikizuia maambukizi kwa 60%, ni 12,000, nao watoke B waingie E siku ya 14 baada ya sindano, si siku ileile. Waliopona nao wakipanga foleni, zidisha tena kwa B ÷ (B + D), la sivyo utamkinga mtu mara mbili. Tumia MIN ili B isishuke chini ya sifuri.

Chanja siku 100. Kufikia siku ya 114, hata tukiwaacha waliougua, waliokingwa ni 1,200,000 na B imebaki 0.777 ya jiji. 3 × 0.4 × 0.777 ni 0.93, yaani kila mgonjwa huambukiza chini ya mtu mmoja: ugonjwa unanywea. Pandisha F hadi 0.5 upate 1.17, na wimbi linaanza. Dozi milioni 2 nzima zinaruhusu F ifike 0.43 tu! Kwa hiyo pandisha kwa hatua ndogo, na kila hatua isubiri wiki 3, kwani vitanda vya hospitali huchelewa kujaa.

Rudia ukibadili ile 3. Kwa 2, kinga inayohitajika ili F irudi 1 bila wimbi ni 50% ya watu. Gawa kwa 0.6, ile nguvu ya chanjo, wachanjwe 83%. Kwa 3 jibu ni 111%: hata jiji zima likichanjwa, chanjo hii peke yake hairudishi F kwenye 1.