Jinsi ya kujua kama samaki mgeni anazidisha vimelea vya asili au anavipunguza

Mwanafunzi niliyekuwa nikimwelekeza maabara aliniletea orodha ya minyoo aliowakuta kwa samaki vamizi, akauliza, "Mwalimu, si hapa tayari nimethibitisha kwamba anaeneza?" Bado. Kumkuta mnyoo tumboni mwa samaki hakutoshi. Mimi hufanya hivi.

1. Vua. Mgeni na wa asili, sehemu ileile, juma lilelile, ukubwa unaokaribiana.

2. Kila samaki na mfuko wake. Samaki akifa, vimelea vya ngozi na matamvua hudondoka au kuhama, kwa hiyo kagua mara tu baada ya kumuua. Usigandishe. Formalini, dawa ya kuhifadhia vielelezo, nayo iache kabatini: minyoo wakikakamaa humo, kuwatambua ni taabu tupu.

3. Pasua. Matamvua, utumbo, ini, ukuta wa tumbo. Lenzi za macho usiziruke. Lava wa Diplostomum, aina ya mnyoo bapa, hujificha humo.

4. Angalia kama mnyoo amekomaa. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua akanthosefala, yaani minyoo wenye mkonga wa miiba. Mweke akiwa hai kwenye maji ya bomba, ndani ya friji, usiku kucha. Mkonga utachomoza, nawe utahesabu safu za miiba. Kisha mweke jike juu ya slaidi, mfunike kwa kioo chembamba, mbonyeze taratibu. Aliyekomaa humwaga mayai marefu membamba yenye ganda. Ukiona vibonge vya mviringo tu, bado mchanga.

Usikimbilie hitimisho, lakini. Dume hatakuambia lolote kuhusu mayai. Jike mchanga huenda ameingia juzi tu, basi rudia katika misimu tofauti. Na lava aliyejifungia kwenye ukuta wa tumbo si lazima awe amefika mwisho wa safari: mgeni akimezwa na samaki mkubwa, huenda akakulia humo.

Kwa nini ning'ang'anie hatua hii? Huko New Zealand, trauti wa kahawia, samaki wageni wenye asili ya Ulaya, humeza Acanthocephalus galaxii, mnyoo wa samaki wa asili, lakini hakomai ndani yao. Orodha peke yake ingemtia trauti hatiani, kumbe minyoo hupotelea kwake bila kutaga mayai.

5. Tenga vimelea vilivyokuja na mgeni. Pseudorasbora parva, samaki mdogo kutoka Asia, aliingia Ulaya na kimelea kidogo sana kiitwacho Sphaerothecum destruens, yeye mwenyewe bila dalili, huku samaki wengine wakifa. Hilo ni suala jingine. Usilichanganye na hili.

6. Hesabu. Andika hata samaki wasio na kitu. Zidisha wastani wa minyoo majike waliokomaa kwa kila samaki na wingi wa samaki wenyewe majini, kisha linganisha na sehemu ambayo mgeni hajafika. Mgeni mwenye majike wawili tu, akiwa amejaa mto mzima, anaweza kumwaga mayai mengi kuliko samaki wa asili mwenye majike ishirini ambaye amebaki wa kuhesabika.