Namna ya kukaa kifandugu kinapouma

Mimi ni fundi cherehani, kutwa nzima niko kitini. Niliteleza kwenye ngazi nikatua kwa makalio, nikaumia kifandugu, yaani mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, na kwa muda wa wiki nane kila kushona kukawa mateso.

Anza kwa kukitafuta. Shuka na vidole katikati ya mgongo: pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Halafu utagusa mfupa bapa usiocheza, sakramu, ambao ni pingili 5 zilizoungana. Chini yake, ndani ya mfereji wa makalio, kuna ncha iliyopinda kwa mbele. Hicho ndicho kifandugu, wengine hukiita kitokono. Kwa kawaida ni pingili 4 ndogo, ingawa wapo wenye 3 au 5. Ukihisi ganzi sehemu za siri, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, au pakivimba na homa ikapanda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Inaniudhi kusikia kikiitwa baki la mkia lisilo na kazi. Misuli inayobeba utumbo na kibofu kwa chini imejishikiza hapo, na sehemu ya misuli ya makalio pia. Tena ukikaa umeegemea nyuma, uzito unagawanywa kati ya mifupa miwili ya makalio na hicho kifandugu. Kwa hiyo inama mbele kidogo kuanzia nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, uzito uhamie kwenye ile mifupa miwili.

Mto nilijitengenezea. Chukua sponji ngumu, nene kiasi cha vidole vinne, uikate pengo upande wa nyuma kama herufi U, kifandugu kining'inie bila kugusa kitu. Sponji laini haifai, inabonyea mpaka chini. Mto wa duara nao ulinishinda: ukingo wake wa nyuma ulinigusa palepale panapouma.

Maumivu makali huja wakati wa kuinuka. Sogea ukingoni mwa kiti, inama mbele, kaza makalio, ndipo usimame. Mimi nilikuwa nainuka kila baada ya nusu saa, hata kama mshono haujaisha.

Siku za mwanzo nililala ubavu na kukanda kwa barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hivi. Na kunywa maji, kula mboga na matunda: choo kigumu kinasukuma mfupa uleule kutokea ndani.