Nyumba Tanga: ikague kwanza ndo utoe hela, na wewe unayeuza hii inakuhusu pia

Shangazi yangu alinunua nyumba hapa Tanga mwezi wa pili, jua kali, kaskazi inapuliza, kuta zote zimepakwa rangi ya krimu mpya bado inanukia, dalali anamwambia wahi mama kuna mtu katoka Dar na hela yake mkononi. Akalipa. Masika iliposhuka mwezi wa nne maji yakaingia chumba cha nyuma usiku watu wamelala, rangi ikavimba ikaanza kubanduka vipande vipande, na chini ya ile rangi tukaona mstari wa maji ya miaka ya nyuma, usawa wa goti. Majirani wote walikuwa wanajua kwamba ile nyumba inaingia maji ila hakuna mtu aliyewauliza.

Tangu hapo ndugu au rafiki akitaka kununua nyumba huwa naenda naye, na haya ndo tunayoyaangalia.

La kwanza ni muda. Ukiweza kagua masika, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, au subiri vuli, na bora zaidi uende mvua ikiwa inanyesha au imekatika saa hiyo hiyo, maana nyumba ikilowa haifichi kitu. Kama umebanwa na lazima ununue kiangazi basi zunguka nyumba za jirani ukaulize wakina mama na wazee wa barazani, sio swali moja la haraka, kaa, salimia, ongea: shikamoo bibi, hapa mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi? Kisima hiki maji yake baridi au ya chumvi? Nyumba hii mbona inauzwa? Nusu saa ya hivyo inakupa habari ambazo dalali hatakupa mwaka mzima.

Kuta sasa, hapa naomba tukae kidogo kwa sababu sisi tuko pwani na adui yetu mkubwa ni unyevu na chumvi. Angalia ukuta kuanzia sakafuni mpaka kama mita moja juu. Ukiona unga mweupe umetoka, plasta inamung'unyika ukiigusa, au rangi imepakwa mpya sehemu ya chini tu, ujue maji yanapanda kutoka ardhini. Gonga plasta kwa sarafu, ikilia mvungu imeachia ukuta. Nyumba za zamani za mjini zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa zina tatizo lake, watu wanakuja wanazipiga plasta ya saruji juu wakidhani wanaziimarisha, kumbe chokaa inahitaji kupumua, saruji inafungia maji ndani na ukuta unaoza taratibu. Na Ngamiani ukikuta ya udongo na fito iliyovalishwa saruji sio lazima uikimbie, ila ulipe bei ya udongo, usilipe bei ya tofali.

Nyufa zipo za aina nyingi, usiogope zote. Ule mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida, plasta ikikauka inajivuta. Wa kuogopa ni ule unaotoka kona ya dirisha au mlango ukapanda kimshazari, au ule unaoweza kuingiza sarafu, au ambao upande mmoja umesogea mbele kuliko mwingine, huo unakwambia msingi umetitia. Toka nje uone kama umepita mpaka upande wa pili. Laza na chupa yako ya soda sakafuni uone inabingirika kuelekea wapi, halafu omba fundi aje na pimamaji ahakikishe.

Kuhusu nondo, hili watu wengi hawalijui. Wajenzi wengine wa pwani wanachanganya zege kwa mchanga wa baharini au maji ya kisima cha chumvi kwa sababu ndo yaliyo karibu. Chumvi ikifika kwenye chuma nondo inaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kudondoka. Inua macho uangalie chini ya lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), chini ya slabu, kwenye nguzo za baraza na chini ya simtanki. Ukiona michirizi ya kahawia imefuata mstari wa nondo, au zege limebanduka chuma kinaonekana, usikubali kuambiwa hiyo ni ya kuziba na saruji kidogo. Ukiziba tu kutu inaendelea ndani kwa ndani.

Paa usiliangalie ukiwa chini. Ingia darini mchana na tochi, halafu izime, ukiona vitobo vya mwanga hapo mvua inaingia. Madoa ya duara ya kahawia kwenye silingi bodi ni maji yameshapita. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zichome na bisibisi, ikizama kirahisi mchwa wamekula. Mchwa utawajua pia kwa vile vinjia vya udongo vinavyopanda ukutani na kwenye fremu za milango. Bati uliza ni geji gani, ya 28 ni nene kuliko ya 30, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na karibu na bahari bati jembamba halikai.

Umeme na maji ni vya haraka. Washa kila kitu kwa pamoja, taa, feni, pasi, jiko, uone kama swichi kubwa inajizima, na angalia soketi zenye alama nyeusi za kuungua. Maji funga bomba zote za nyumba halafu nenda kwenye mita, ikiendelea kuzunguka kuna bomba linavuja chini ya ardhi. Uliza na deni, la maji na la LUKU vyote, maana kodi ya jengo siku hizi inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021. Chemba ya choo mwambie mwenye nyumba aifungue. Wengi wanaona haya kuomba hilo, mimi nasema omba, shimo likijaa baada ya mwezi ni lako.

Halafu kuna ukaguzi ambao hauhitaji nyundo. Nyumba za Raskazone, Sahare, Mwambani na kote ukingoni mwa bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini au mtoni, sasa chukua futikamba. Na iliyo kando ya barabara kuu ujue Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande, na ile alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani inaweza ikawa imepakwa rangi juu. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati. Kama muuzaji ana mke au mume na hiyo ndo nyumba wanayoishi, mwenza wake lazima aridhie, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, ujue kesi nyingi zinaanzia hapo.

Nani akague? Sio fundi wa dalali. Tafuta wa kwako, mwashi, fundi umeme na fundi bomba, na nyumba ikiwa ya ghorofa au ina nyufa zile mbaya mlete mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, akuandikie anachokiona na asaini. Wenzetu Marekani mnunuzi anaweka kwenye mkataba kabisa kwamba ukaguzi ukileta mabaya anaweza kurudi mezani au kuondoka na arubuni yake, ile hela ya kutanguliza. Hata hapa wakili anaweza kukuandikia kipengele hicho, mwambie tu, na usitoe arubuni kabla hakijaandikwa.

Sasa wewe muuzaji. Najua unaona ukaguzi ni wa kukuangusha bei lakini fikiria hivi, fundi wa mnunuzi akikuta paa linavuja na hukusema, mnunuzi hakati gharama ya paa tu kwenye bei, anakata na ya hofu, anajiuliza huyu kanificha nini kingine, na hapo anakupunguzia mamilioni au anaondoka kabisa. Ita fundi wako miezi miwili kabla ya kutangaza. Rekebisha vidogo, bomba linalovuja, bati lililong'oka, fremu iliyoliwa. Vikubwa usivyoweza viandike na useme bei imeshazingatia. Risiti zote tunza, za mabati, za dawa ya mchwa, za kunyonya shimo. Ila usipake rangi juu ya unyevu. Nakuomba sana hilo, anayehamia pale atakuwa na watoto wanaolala kwenye kile chumba.

Mkishakubaliana na tarehe ya funguo imefika nendeni wote wawili mkazunguke tena nyumba nzima, maana kuna watu wanang'oa feni, masinki na hata milango usiku wa mwisho. Pigeni picha mita ya maji na ya umeme namba zionekane, orodhesheni vinavyobaki, sainini mbele ya shahidi, na mnunuzi jioni hiyo hiyo abadilishe vitasa.