Deki ya CD sauti imefifia? Usikimbilie kununua nyingine

Wenye deki za CD za zamani sebuleni hapa Moshi, kabla hujanunua mpya au kuhamia jumla kwenye kustrimu, igeuze uangalie nyuma kama ina tundu limeandikwa DIGITAL OUT, likiwepo tafuta DAC, yaani kidude kinachogeuza namba za kidijitali kuwa sauti, chenye na mlango wa USB, toa waya hapo uingize kwenye DAC halafu DAC iende kwenye amplifaya. Namba zinazobeba muziki kwenye CD ni zilezile, kinachozeeka ni sakiti ya ndani inayozigeuza kuwa sauti, sasa hapo unaikwepa tu. Siku ukitaka kustrimu unachomeka simu au laptop kwenye DAC hiyohiyo, ila andaa bando, saa moja ya ubora wa CD inakula kama MB 300 hadi 400. Haisaidii kitu kama deki inarukaruka, hapo jicho la leza limechoka au lina vumbi (na vumbi la kiangazi huku tunalijua), mpelekee fundi kwanza. Ukitumia waya wa mwanga (optical) kutoka kwenye deki kwenda DAC, toa vile vifuniko vya plastiki kwenye ncha, mi nilihangaika nusu saa nzima nikidhani DAC mbovu.