Leso Dirishani, Lakini Si Aprili
Februari hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, chumba cha ghorofa ya juu chini ya mabati huwa tanuri. Hewa ikiwa kavu, loweka leso (kanga), ikamue mpaka iache kudondosha, itundike kwenye dirisha lililo wazi, feni ivute hewa kupitia hapo. Maji yakikauka hunyonya joto. Mlango uache wazi kidogo unyevu utoke, la sivyo ndani ya saa moja utanata.

Mvua za Aprili zikianza, leso irudi kabatini. Hewa imeshashiba maji, jasho halikauki. Elekeza feni mwilini, basi. Nguo usianike chumbani, ukuta utaota ukungu.

Shemeji yangu wa Mombasa aliuziwa kipoza hewa cha maji. Kule pwani? Kinalowesha mapazia tu.